Kwa Galgalo, Anayekwenda Kurekodi kwa Jina Lake

Galgalo mwanangu,

Assalaam aleikum. Ninaandika alasiri hii nikiwa barazani, kwenye kiti cha marehemu baba yako, na wewe uko nyuma ya nyumba unabishana na Mwenda kuhusu namna ya kuzipakia ngoma zake bila kuzikwaruza. Ninawasikia nyote wawili. Ningeweza kukuita nikakwambia haya kwa mdomo, lakini wiki hii mdomo wangu hauaminiki. Jana umejionea mwenyewe.

Sitakuambia uvae sweta Nairobi. Una mvi nyingi kuliko nilizokuwa nazo mimi nilipostaafu kufundisha, na dawa zako unazijua kwa majina na kwa rangi. Mambo hayo ninayaacha. Nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu asubuhi kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Jana baada ya magharibi, tukiwa tunakula, simu yako ililia. Alikuwa yule mzee wa bendi ya hotelini uliyempigia saksafoni miaka yote kabla hujaugua. Amesikia umepona. Kiti chako kiko wazi, mkataba wa mwaka mzima, na kazi inaanza Jumatatu, siku ile ile ambayo wewe na vijana wako mmepangiwa kuingia studio kurekodi albamu yako. Huwezi kuwa mahali pawili. Uliweka simu chini, ukanitazama, ukasema, "Ayyo, mama yangu, unaonaje?"

Nilikujibu kabla sijameza tonge. "Chukua kazi."

Ulisema, "Sawa, nitaamua njiani." Kisha ukaacha nyama kwenye sahani, na tangu uote meno sijawahi kukuona ukiacha nyama.

Ninaandika barua hii kulirudisha neno lile.

Usifikiri kwamba nimepata ujasiri usiku wa kuamkia leo. Naogopa vilevile, pengine zaidi. Wewe ulipoletwa hapa miaka miwili iliyopita, ulilazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, na shati lako lilikaa kana kwamba limetundikwa msumarini. Ulikohoa mpaka majirani wakaacha kuuliza hali yako, maana walikuwa wakiisikia. Daktari aliposema kwamba kifua kimepona ila kimebaki na makovu, wewe ulicheka ukanieleza, "Makovu hayavuti hewa, Ayyo, lakini sehemu iliyobaki inatosha." Sehemu iliyobaki. Nilibeba maneno hayo mawili kutoka hospitalini mpaka nyumbani, na sijayaweka chini hadi leo.

Kuna jambo ambalo hulijui. Unapofanya mazoezi kule stoo, mimi husimama upande wa pili wa ukuta. Ukiishika noti ndefu, nami huzuia pumzi yangu mpaka uiachie. Mara nyingi nashindwa mimi kwanza. Hapo hushika ukuta, nikisubiri, kwa sababu noti bado inaendelea na mimi sijui inatoka wapi. Mama Kaltuma alinikuta hivyo siku moja akiwa amekuja kuazima ungo.

"Mwalimu," akasema, "unazungumza na ukuta?"

"Ninamsikiliza mwanangu."

"Huyo mzee wako naye! Wenzake wana wajukuu, yeye anabusu bomba. Mtafutie mke kabla bomba halijamzalia."

Nilicheka, kwa sababu Mama Kaltuma hana ubaya. Lakini alipoondoka nilibaki na hofu nyingine. Leo wanakucheka hapa mtaani, watu wanaokupenda. Albamu ikitoka ikiwa na jina lako kubwa juu, watakucheka watu wasiokujua. Nimefundisha watoto muda mrefu, ninajua mtu anavyoweza kuvunjwa na kicheko cha watu wasiomjua.

Sasa nikukumbushe siku ile ya mazoezi yenu ya kwanza. Nililetwa stoo na birika la chai, na kama isingekuwa chai, nisingeliona jambo hili. Mwenda alikuwa amekaa nyuma ya ngoma zake, fimbo mkononi. Ekal alikuwa na gitaa lake la besi, ameegemea nalo ukutani kama mtu anayengoja miadi. Wewe ulisimama katikati. Ukaiweka saksafoni mdomoni, ukafumba macho. Nami nilisimama mlangoni na birika langu, nikisubiri. Mwenda akasubiri. Ekal akasubiri. Wewe nawe ukasubiri.

Mwenda ndiye aliyesema, "Mzee, tunangoja nini?"

Ukafumbua macho. "Nangoja mtu ahesabu."

"Nani ahesabu? Si bendi ni yako?"

"Wacha aombe kwanza," Ekal akasema. "Anafikiri tuko matangani."

Wakacheka mpaka Mwenda akaangusha fimbo. Wewe pia ulicheka, kisha ukakohoa, na mimi nikamwaga chai kidogo. Hatimaye ukahesabu. Ulihesabu haraka mno, wakaanza haraka mno, na kabla ya katikati ya wimbo pumzi ilikuishia. Mwenda akasema kwa upole, na mimi nampenda kijana yule kwa upole ule, "Hakuna noma, Mzee. Anzisha tena. Pole pole. Sisi tuko nyuma yako."

Wao walidhani umesahau. Mimi nilijua kwamba hukusahau kitu. Ulikuwa unafanya ulichofanya maisha yako yote. Tangu ulipovaa sare ya bendi ya jeshi, kuna mtu alisimama mbele yako na kuinua mkono, na kazi yako ilikuwa kuingia mkono ule unaposhuka. Baadaye mikono ikawa ya wenye bendi wa hotelini, kisha ya waimbaji. Uliwahi kuniambia kwamba mpigaji mzuri wa nyuma husikia kiongozi anavyovuta pumzi kabla hajaanza, naye huvuta pamoja naye. Siku ile ulikuwa umefumba macho ukisikiliza pumzi ya kiongozi, na chumba kizima kilikuwa kinasikiliza yako.

Ninajua nani alikufundisha kusimama nyuma. Si jeshi.

Siku ulipoondoka kwenda kwenye bendi, ukiwa kijana mwenye shingo nyembamba, nilikufunga vifungo vya koti nikakuambia, "Kaa nyuma. Fuata wenzako. Asiyeonekana hapigwi." Nilikuwa mjane, nilikuwa na wewe peke yako, na nilifikiri nimekupa kinga. Ukaishika kinga ile vizuri mno. Ulikuwa mwanafunzi mtiifu. Wakati mwingine natamani ungekuwa mkaidi.

Miaka mingi baadaye nilikuwa dukani, hapo karibu na soko la mifugo, nikinunua sukari. Redioni ukapigwa wimbo ambao kila mtu aliujua mwaka ule. Ulipofika mahali saksafoni inapoingia, mwenye duka aliacha kupima sukari. Wateja wawili wakaigeukia redio. Mwenye duka akatikisa kichwa akasema, "Huyu mwimbaji anajua kazi." Mwimbaji alikuwa hata haimbi wakati ule! Nilitaka kusema kwamba ile ni pumzi ya mwanangu, niliyemzaa kule Korbesa mvua ikinyesha. Nikachukua sukari yangu nikaenda. Nilijiambia kwamba ni heshima kunyamaza. Lakini nilitembea hadi nyumbani nikiwa na hasira, na kwa muda mrefu sikujua hasira ile ilikuwa ya nani.

Sasa nije kwenye ule wimbo mliouweka mwishoni mwa albamu. Nilipousikia mara ya kwanza kupitia ukutani, nilizunguka hadi mlangoni. Nilikuuliza umeutoa wapi. Ulinishangaa. "Kwako, Ayyo. Uliuimba kila siku nilipokuwa mgonjwa, ukinipangusa." Nikakukatalia. Mimi siimbi. Lakini ulinipigia mwanzo wake kwa mluzi, nami nikakubali, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa hai nyumbani humu ambaye angeweza kuujua. Ni wimbo wa kisimani. Ni wimbo wa mjomba wako Halake.

Wewe ulimjua Halake akiwa mzee, anayekohoa na kudai tumbaku. Mimi nilimjua akiwa na kifua kama mlango. Wakati wa kiangazi, visima vyetu vilichimbwa chini sana, na wanaume walisimama mmoja juu ya mwingine, kutoka kwenye maji hadi juu, wakirushiana okole, zile ndoo za ngozi. Hakuna mkono ulioweza kupokea ndoo kwa wakati bila wimbo. Mtu wa chini kabisa, aliyesimama ndani ya maji, ndiye aliyeanzisha. Wa juu yake wakamwitikia, na ng'ombe waliokuwa bado mbali waliposikia wakaanza kutembea haraka. Kaka yangu ndiye aliyesimama chini, kwa sababu sauti yake ilipanda vizuri.

Asubuhi moja ukuta wa kisima ulimwangukia. Nilikuwa msichana, nilikuwa juu, karibu na birika la kunyweshea mifugo. Nilisikia wimbo, kisha nikasikia mchanga, kisha sikusikia kitu. Walimfukua kwa mikono. Alitoka akiwa hai, mguu umevunjika, mdomo umejaa udongo. Nililia mpaka nikapoteza sauti, na tangu siku ile nikajua moyoni kwamba anayeanzisha wimbo ndiye anayesimama mahali ukuta unapoangukia.

Hivyo ndivyo nilivyokulea. Sikukueleza sababu, lakini ndivyo nilivyokulea.

Ila Galgalo, nimeishi na kumbukumbu ile hadi uzee huu bila kuikumbuka yote. Wewe ulipopiga wimbo ule stoo, sehemu iliyobaki ilirudi. Mguu ulipopona, Halake alishuka tena. Mama yetu alimshika nguo. Alimwambia, "Mama, ng'ombe hawanywi hofu yako," akashuka, akaimba. Nilimkasirikia sana hata nikakataa kumpelekea maziwa. Alishuka kiangazi kile, na kiangazi kilichofuata, na vingine vingi, mpaka nywele zake zikabadilika rangi, na ukuta haukumwangukia tena. Alifia kitandani Merti, amelala ubavu, mjukuu wake akimwekea mto. Mimi nilichukua asubuhi moja nikaiacha miaka yote. Nilijiita mwalimu, na hesabu ile nilikosea.

Nami mwenyewe nilisimama wapi? Unajua nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu maisha yangu yote, na ulikuwa ukiwaambia watu kwa fahari kwamba mama yako hakutaka makuu. Si kweli kabisa. Tulipokuwa Biliqo, mwalimu mkuu alihamishwa, na wazee wa kijiji wakaja nyumbani kuniomba nikubali kushika shule. Ofisi ilikuwa tayari. Nilisema nina mtoto mdogo. Mtoto huyo ulikuwa wewe, na hukunizuia hata kidogo. Ulikuwa ukicheza na vifuniko vya chupa. Wakamleta mtu mwingine kutoka mbali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajui tu kwamba kiangazi wasichana wetu huamkia kisimani kabla ya shule. Aliamuru lango lifungwe kengele ikilia. Wasichana wakafika wakiwa na vumbi miguuni, wakalikuta lango limefungwa, wakarudi nyumbani. Walipofungiwa mara nyingi, wengine hawakuja tena. Mimi nilikuwa darasani, nikifundisha ngeli za nomino, na kupitia dirishani niliwaona wakigeuka. Wazazi walipokuja kwangu niliwajibu, "Mimi ni naibu tu." Ni maneno ambayo hayana kosa lolote la sarufi. Niliyasema hadi nilipostaafu.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Ninataka ujue kwamba mahali pa nyuma pana ukuta wake, nao huanguka pia. Huanguka pole pole, bila kelele, na humwangukia mtu mwingine, ndiyo maana wewe unatoka mzima.

Haya, turudi kwenye hofu, maana sijaimaliza. Naogopa kwamba mkiwa studio pumzi itakuishia, na hakutakuwa na mwimbaji wa kuingia kukufunika. Naogopa hewa ya Nairobi, ambayo ni baridi na ina moshi. Naogopa kwamba albamu itatoka na hakuna atakayeisikiliza isipokuwa mimi na Mama Kaltuma, na Mama Kaltuma atauliza mbona haina maneno. Naogopa kwamba Mwenda na Ekal, ambao wameacha vibarua vyao vya harusi kwa ajili yako, wataona umri wao umeliwa na mzee mgonjwa. Naogopa kwamba utarudi tena umelala kwenye kiti cha nyuma. Nimejaribu kuzipanga hofu hizi ili niweze kuzijibu, lakini hazipangiki. Ninapoigusa moja, nyingine inasogea.

Na bado nikiiweka ile kazi ya hoteli upande wa pili, nakuona ukiwa hapo, salama, umekaa nyuma ya mtu mwingine, umefumba macho, unamsikiliza yeye akivuta pumzi. Utapiga vizuri. Watu watamsifu yeye. Kifua chako, sehemu ile iliyobaki, kitakwisha taratibu katika nyimbo zake. Hilo nalo linanitisha, na ndilo peke yake ambalo nikilifikiria naona aibu.

Leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda kutafuta kamba za kufungia mizigo, nilimuuliza Ekal kama utaweza. Yule kijana hana adabu ya kudanganya wazee, na hilo ndilo ninalolipenda kwake.

"Mama Mwalimu," akasema, "mzee akianza mbio, anakufa katikati. Akianza vile anatembea, hakuna mtu Nairobi anamweza."

"Na utajuaje ataanza vipi?"

"Hatujui. Hata yeye hajui. Ndiyo maana inaitwa kuanza."

Nilitaka kumsahihisha sentensi zake, nikaona hazina cha kusahihishwa.

Basi sikiliza, kwa maana ninajijua. Kesho baada ya swala ya alfajiri nitasimama langoni. Nitasema gari linanguruma vibaya. Nitasema macho ya Mwenda yana usingizi. Nitakushika mkono wa koti, na mwishowe nitasema tena, "Chukua kazi, mwanangu, albamu itangoja." Nitalisema kwa sauti ya darasani, ambayo umeitii tangu hujajua kutembea. Na wewe, ukiwa umeahidi kuamua njiani, utafika Archers' Post, ule mji wa njiani, utageuza mawazo, na utaamua kama mimi. Kwa hiyo usiiache iamuliwe njiani, wala usiniachie mimi kesho.

Nimemwita Ekal akuletee karatasi hizi hapo ulipo. Ukimaliza kuzisoma, usije barazani. Nikiuona uso wako nitaanza kulia, nawe utanionea huruma, na huruma yako itatuharibia kila kitu. Mpigie yule mzee simu ukiwa hapo hapo, kando ya gari, vijana wakiwepo. Mwamkie vizuri, mshukuru kwa miaka yote aliyokuweka, kisha mwambie huji.

Nami nimekaa hapa. Kalamu nitaiweka chini sasa, na sitaingia ndani kuswali mpaka nikusikie. Naogopa bado. Sema kwa sauti ya kutosha kunifikia.

Mama yako,
Talaso